Sweta la Haki

Jina la nchi yetu silitaji. Si kwa woga, bali kwa sababu limepelekwa kwenye ukarabati na bado halijarudi. Kwa sasa tunajiita Nchi tu, na barua zinatufikia vizuri. Mimi ni Mwalimu Shomari, mwalimu wa nidhamu katika Shule ya Msingi Juhudi Zaidi, na juu ya hapo nilikuwa Kiongozi wa Makofi wa kata nzima. Cheo cha kwanza kinanipa mshahara, ukifika. Cheo cha pili ndicho kilichokuwa kinanipa heshima.

Wageni wakisikia cheo hicho huwa wanacheka, kwa hiyo nieleze utaratibu wetu mapema. Zamani tulikuwa na bunge. Watu wanainua mikono, wanahesabiwa, wanagombana, wanahesabiwa tena. Serikali ikaona huo ni upotevu wa mikono. Ikaamuliwa kwamba sentensi yoyote atakayoisema waziri jukwaani, ikipigiwa makofi, ni sheria. Kando ya waziri hukaa Mpokea Makofi Mkuu wa Taifa, Bwana Kitwana, mtu mkavu mwenye kengele ya shaba. Makofi yakilia, anagonga kengele, na sentensi ya mwisho kabla ya makofi inakuwa sheria ya nchi. Ili kuiondoa, lazima waziri yuleyule arudi uwanja uleule aseme nyingine. Ni jambo rahisi ambalo hata mtoto analielewa.

Sasa, wananchi wakiachiwa wapige wenyewe wanaweza kupiga popote, hata mahali penye maana. Ndiyo maana pakawekwa alama. Waziri akifika kwenye sentensi anayoitaka, anapandisha kitambaa cheupe usoni. Kiongozi wa Makofi anasimama mbele ya umati, macho hayabanduki kwenye kitambaa. Kikipanda, anapiga, na umma unafuata. Mikono yangu hii imetumikia serikali tatu na haijawahi kuchelewa. Najisifu, ndiyo. Mtu anayeijua kazi yake anaruhusiwa kujisifu kidogo.

*

Habari ya sare ilianza kwa malalamiko ya wazazi, na lazima nikiri walikuwa na hoja. Shule moja inamfukuza mtoto kwa kuvaa ndala, ya pili inamfukuza kwa kuvaa viatu vyenye kisigino. Ya tatu inamrudisha msichana kwa kuwa sketi imepanda juu ya goti, ya nne kwa kuwa imeshuka chini ya goti, na ya tano kwa kuwa goti lenyewe halieleweki. Wakati huohuo wavulana wanapita getini na mashati yasiyo na kifungo hata kimoja, na hakuna anayewauliza.

Mwaka uliotangulia tulikuwa na Sheria ya Viatu Vinavyong'aa. Hiyo ndiyo iliyomponza Sikudhani. Viatu vyake viling'aa, sikatai, lakini kimoja kiling'aa kuliko kingine, na asubuhi ya mtihani wa mwisho wa darasa la saba nikamrudisha nyumbani. Akarudia darasa. Kwa kanuni zetu, anayekosa mtihani huo mara mbili hahesabiwi tena kuwa mwanafunzi. Anakabidhiwa kwa wazazi wake kama alivyokuja, na hapo ndio mwisho wa habari yake na shule.

Sikudhani ni mtoto wa Bi Kidawa, muuza bajia aliye mkabala na geti letu. Ni mwembamba kiasi kwamba akisimama karibu na mlingoti wa bendera, wakaguzi wanaandika milingoti miwili. Lakini kichwa chake kinashika kila kitu. Katika kata yetu hakuna msichana aliyewahi kwenda sekondari, na walimu wote tulijua kwamba kama yupo wa kwanza, ni huyu. Mwalimu wa nidhamu hatakiwi kuwa na mtoto anayempenda. Mimi nilikuwa naye, na niliona vigumu kumficha.

*

Serikali sikivu ikaunda Tume ya Mavazi ya Haki. Tume ikasafiri kwenda kutafuta haki, na kwa kuwa haki haikuwepo humu nchini, ikasafiri mbali. Ikakaa miezi kadhaa katika nchi moja yenye theluji. Iliporudi, mwenyekiti wake alitoa taarifa fupi redioni. "Kule," alisema, "watoto wote wanavaa masweta, na wote wanajua kusoma." Hakuna aliyeongeza neno.

Nchi yetu, niseme kwa asiyejua, ina joto. Kuku wetu wanataga mchana wakiwa na hakika kwamba yai halihitaji msaada. Hata hivyo utafiti ni utafiti. Ikapangwa kwamba Waziri wa Elimu na Mwonekano, Mheshimiwa Makeke, aje kuzindua sare mpya katika shule yetu, aseme sentensi moja tu: "Kila mwanafunzi atavaa sweta la kijani." Kitambaa, makofi, kengele, chakula, basi.

Ili kuwa mfano, Mheshimiwa alitaka alivae yeye mwenyewe kwanza. Bahati mbaya sampuli ilikuwa moja, ya mtoto wa darasa la nne, na Mheshimiwa ni mtu aliyejaliwa mwili. Walinzi wake walimwingiza kwa ushirikiano nyuma ya choo cha walimu. Alipotoka, mikono ilikuwa imesimama pembeni yake haishuki, na kitovu cha taifa kiko nje. Umati ulinyamaza kwa heshima.

Akapanda jukwaani. Jua lilikuwa limeshika kazi. Akamwinamia katibu wake amnong'oneze, akasahau kwamba kipaza sauti kiko wazi.

"Sweta hili linanibana," tukasikia wote, "wala sijui ni la nani."

Jasho likamwingia machoni. Akatoa kitambaa akajifuta.

Nikapiga makofi. Umma ukafuata. Kengele ikalia.

Mheshimiwa alishtuka. "Hapana, subirini, siyo hiyo," akasema, akajitazama kuanzia juu hadi chini kama mtu anayetafuta kosa. "Na hata soksi moja imeshuka."

Akajifuta tena. Nikapiga. Kengele ikalia.

Hapo akanikazia macho mimi peke yangu, kitambaa kikiwa bado shavuni. "Wewe mwalimu," aliniuliza, "una wazimu?"

Nikapiga, nifanyeje? Kitambaa kilikuwa juu. Bwana Kitwana akasita kidogo, akafikiri, akaamua kwamba swali haliwezi kuwa sheria, ila linaweza kuwa sera. Tangu siku hiyo ni sera ya taifa kuniuliza kama nina wazimu, na kila mkaguzi anayefika shuleni huanza na hilo kabla ya salamu.

*

Serikali nyingine ingesema imekosea. Yetu haina mazoea hayo. Kesho yake Mheshimiwa Makeke alizungumza redioni, sauti imebanwa kidogo, akaeleza kwamba yote yalipangwa. "Wazazi wamedai haki," alisema. "Haki, ndugu zangu, ni watu wote kubanwa sawasawa."

Basi sheria ikawa hivi: kila mwanafunzi avae sweta la kijani linalombana na lisilojulikana ni la nani, soksi moja iwe imeshuka.

Utekelezaji ukaniangukia mimi. Kila asubuhi masweta yote yalirundikwa getini, nikayachanganya kwa jembe, na kila mtoto akaokota atakalookota. Akina mama waliokuwa wameshona majina ya watoto wao kwenye kola waliamriwa wafumue. Kijana mmoja wa darasa la tano alilitambua sweta lake kwa harufu ya dagaa wa nyumbani kwao, akapewa onyo kali na kuzuiwa kunusa akiwa eneo la shule. Mwingine alivaa sweta la mwenzake kwa muda mrefu hadi mama wa mwenzake akawa anamwita aje kula.

Kubana nako kulikuwa na kipimo. Wizara ilielekeza kwamba kidole cha shahada cha mwalimu wa nidhamu kisipite kati ya sweta na shati. Kidole changu kikatangazwa kuwa Kidole cha Serikali. Nilikatazwa kula nacho ugali.

Kuhusu soksi, wilaya nzima iligawanyika. Wako waliosema ishuke ya kushoto, wako waliosema ya kulia, na pande hizo mbili zilikuwa hazizikani. Ukaja waraka kuleta amani: ishuke soksi ya mguu ulio upande wa ofisi ya mkuu wa wilaya. Mtoto akienda shuleni ni mguu wa kushoto, akirudi nyumbani ni wa kulia. Akicheza mpira, tunamwombea. Nimewahi kuona goli likikataliwa kwa sababu mfungaji alimzunguka beki na soksi haikuzunguka.

Watoto walizoea, kama wanavyozoea watoto. Wakavuja jasho, wakajikuna, wakaimba wimbo wa taifa. Nchi nzima ikabanwa, isipokuwa mtu mmoja.

*

Hakuna sweta lililombana Sikudhani. Nilianza na la darasa la saba, akaogelea. Nikashuka la sita, la tano, la nne. Nikaenda chekechea nikaazima dogo kuliko yote, mikono ikamfika kwenye viwiko, lakini kifuani Kidole cha Serikali kilipita bila kupiga hodi, na nyuma yake ningeweza kupitisha kiganja kizima. Siku moja alikuja akiwa amebanwa barabara. Nilifurahi hadi nilipogundua mto wa kitanda chini ya shati. Nikamweleza kwa upole kwamba sheria inataka sweta limbane mwanafunzi, na mto haujaandikishwa shule.

Akakaa nje ya geti, kwenye kigoda kando ya karai la mama yake. Kutoka hapo dirisha la darasa la saba linaonekana. Mwalimu wa hesabu akiuliza swali ndani, darasa linajikuna, kisha jibu linatoka barabarani. Wateja wa bajia walianza kujua eneo la duara.

Bi Kidawa alinivumilia kwa siku nyingi. Halafu jioni moja nilipokwenda kununua bajia, hakunipa mara moja. Alishika kijiko chake cha kuopolea akanitazama.

"Mwalimu, mwanangu ana kosa gani?"

"Hana kosa, Bi Kidawa. Tatizo lake habanwi tu."

"Na wewe unabanwa?"

"Mimi ni mtumishi wa umma."

"Haya. Basi nimekuelewa."

Akanifungia bajia kwenye gazeti. Niliumia, na mpaka leo sijui kwa nini, maana alinizidishia mbili.

*

Huenda mambo yangebaki hivyo, ila kulikuwa na desturi moja ambayo hata Mheshimiwa alikuwa ameisahau. Katika nchi yetu mzinduzi wa vazi halivui mpaka kila anayehusika naye awe amelivaa. Iliwekwa zamani na rais mmoja aliyechoka kuona viongozi wakizindua mashati ya kutengenezwa nchini halafu wanageuka nyuma ya gari na kuvaa ya kwao. Kwa hiyo Mheshimiwa Makeke alikuwa bado yumo ndani ya lile sweta. Alioga nalo, nalo likazidi kusinyaa. Alihudhuria nalo mazishi. Alikutana nalo na mabalozi, akiwapungia kwa mikono isiyoshuka, nao wakaandika kwao kwamba nchi yetu ina waziri mchangamfu sana. Alijikuna kwa rula ya wizara.

Taarifa zilipokusanywa zikaonyesha kwamba wanafunzi wote wa nchi wamebanwa, kasoro Sikudhani binti Kidawa wa Juhudi Zaidi. Wiki haikupita, ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kumnenepesha Sikudhani.

Kamati ilifika na magari, mwenyekiti, makamu, mshauri wa siagi na mpiga picha. Ikapiga hema mbele ya genge la Bi Kidawa. Asubuhi Sikudhani alipewa mtori, saa nne maziwa na mayai, mchana wali wa nazi na nyama, jioni tena. Alikula vizuri, akashukuru, akaosha vyombo, akarudi kwenye kigoda kujibu maswali ya hesabu. Kila Ijumaa nilimpima kwa kidole, mbele ya kamera.

Hakunenepa. Alirefuka. Chakula chote cha taifa kilikwenda juu. Wajumbe, waliokuwa wakionja kila sahani kwa usalama wa mtoto, ndio walioitikia vizuri, na mwenyekiti alitakiwa kukatiwa mlango mwingine wa hema. Mwishowe kamati ikaandika kwamba zoezi limefanikiwa kwa kiwango kikubwa, isipokuwa kwa upande wa Sikudhani.

Mtihani ulikuwa umekaribia mno. Ilikuwa Jumatatu, na mtihani ni Alhamisi.

*

Jumanne akaja Bwana Kitwana mwenyewe, kengele kwenye mfuko wa velveti, mkoba wa ngozi mkononi.

"Una wazimu?" aliniuliza.

"Hapana, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Tumepata ufumbuzi." Akakaa kwenye kiti changu. "Mheshimiwa anakuja Alhamisi asubuhi, kabla ya mtihani. Atasema sentensi moja: 'Sikudhani si mwanafunzi.' Utapiga. Nitagonga. Hapo wanafunzi wote wa nchi watakuwa wamebanwa, naye atalivua."

"Na mtoto, mzee?"

"Mtoto gani? Hatakuwa mwanafunzi. Hatuhusiki naye."

Bwana Kitwana akafungua mkoba, akanionyesha kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri, akaufunga kwa ufunguo.

"Safari hii kitambaa kinakaa kwangu. Atapewa kwenye sentensi hiyo, si kabla. Hatutaki yale ya siku ile. Ukiona kitambaa, piga. Usipoona kitambaa, mikono mfukoni. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mzee."

Sijawahi kuvunja agizo maishani mwangu, wala sikuvunja lolote nilipovuka barabara kumwambia Bi Kidawa, maana hakuna aliyenikataza. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakulia, hakulaani mtu. Aliuliza jambo moja tu, kama ni kweli Mheshimiwa anapenda bajia. Nikamwambia kila mtu anajua, alishawahi kusimamisha msafara kwa ajili ya bajia. Akaitikia kwa kichwa, akavuta kinu, akaanza kutwanga pilipili mbuzi.

*

Alhamisi uwanja ulijaa mapema. Watahiniwa wa darasa la saba walikuwa wamejipanga mbele ya mlango wa chumba cha mtihani, wamevaa kijani, soksi upande wa wilaya. Sikudhani alikuwa nje ya geti na shati lake jeupe na sketi yake ya zamani, penseli mkononi imechongwa vizuri. Alikuwa ameambiwa na mama yake yote. Alisimama wima, na mimi nilishindwa kumtazama kwa muda mrefu.

Mheshimiwa Makeke alishuka kwenye gari akiwa amekonda uso. Alipofika usawa wa karai la Bi Kidawa, pua yake ikageuka kabla yake.

"Karibu, mheshimiwa," Bi Kidawa alisema. "Za moto hizi. Na chatini ipo."

"Nitie chatini ya kutosha, mama."

"Bila wasiwasi, baba. Ya kutosha ipo."

Mikono yake haikufika mdomoni, kwa hiyo mlinzi mmoja alimlisha huku wakitembea. Alikula bajia zote kabla ya kufika jukwaani. Kwenye ngazi ya kwanza alikuwa mzima. Kwenye ngazi ya mwisho masikio yalikuwa yamebadilika rangi.

"Ndugu wananchi," alianza, akakohoa. Machozi yakamtoka mawili mawili. Jasho likaanza utosini likateremka kwa mpangilio. "Kitambaa," alimwambia Bwana Kitwana.

"Bado, mheshimiwa. Sentensi kwanza."

"Ndugu wananchi. Sikudha..." Kikohozi kikamkamata upya. "Maji. Jamani, maji."

Wakubwa wakatazamana, maana maji hayakuwemo kwenye ratiba. Aliyeyaleta ni Sikudhani. Alichukua kikombe cha mama yake, akapita getini, kisha mbele yangu pale mbele ya umati, na mimi mwenye dhamana ya geti sikumwona, au nilimwona nikadhani ni mlingoti. Akapanda jukwaani akamshikia Mheshimiwa kikombe anywe.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba," alisema akihema.

"Pole kwa sweta."

Mheshimiwa aliacha kunywa. Tangu azindue lile vazi alikuwa amepongezwa na wakuu wa mikoa wote, na mashairi alitungiwa. Lakini pole, nadhani, hakuwa amepewa na mtu yeyote, hata nyumbani kwake.

"Asante, mwanangu. Linawasha kweli."

"Si ulivue?"

"Siruhusiwi. Mpaka wewe ubanwe."

"Na mimi siruhusiwi kuingia kwenye mtihani. Mpaka nibanwe."

Walitazamana. Yule amebanwa hadi hawezi kushusha mikono, huyu habanwi na kitu chochote duniani. Mheshimiwa aliitazama penseli ya mtoto. Aliitazama ile safu ya watoto wa kijani wanaovuja jasho. Nafikiri ni pilipili iliyomaliza ubishi wake, kwa sababu mtu mwenye pilipili mbuzi kooni hana nafasi ya kutafuta maneno makubwa.

"Huu ni upuuzi mtupu," alisema, na kipaza sauti kilikuwa wazi. "Mtu si avae nguo safi inayomtosha, aende akafanye mtihani wake."

Halafu, kwa nguvu zake zote, uzi wa bega ukikatika tukausikia, akainua mkono akajifuta uso kwa mkono wa sweta.

*

Umati mzima uliniangalia mimi.

Bwana Kitwana aliuweka mkono wake juu ya mkoba akatikisa kichwa, polepole, nisije nikasema sikuona. Kitambaa kilikuwa ndani, kimefungwa. Mikono yangu ilikuwa mfukoni kama nilivyoagizwa. Nikamtazama Sikudhani. Hakuniomba chochote. Alikuwa amekishika kile kikombe kwa mikono miwili, penseli imebanwa katikati ya vidole, ananitazama kama nilivyozoea kumwona akiangalia ubao kutoka barabarani.

Nikapiga makofi.

Nilipiga peke yangu kwanza, na niwaambie, makofi ya mtu mmoja kwenye uwanja mkubwa yana aibu yake. Kisha Bi Kidawa akapiga kutoka ng'ambo ya barabara, kijiko kingali mkononi. Kisha umma wote, maana umma wetu umezoezwa vizuri na mimi ndiye niliyeuzoeza. Bwana Kitwana alikuwa bado anatikisa kichwa, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umefanya kazi ile miaka mingi kuliko kichwa chake. Makofi yakilia, kengele hulia. Ikalia.

Walinzi wawili walilivuta sweta kwa juu na wa tatu akamshika Mheshimiwa miguu. Lilitoka kwa sauti niliyowahi kuisikia mara moja tu, ng'ombe alipotolewa kwenye matope. Mheshimiwa akashusha mikono, akaitazama, akaanza kulia, na safari hii haikuwa pilipili. Watoto wakavua masweta yao wakayarusha juu. Wakati yanaanguka, Sikudhani alikuwa ameshafika mlangoni. Nikamfuata hapo nimkague kwa mazoea. Shati safi. Sketi safi. Vinamtosha. Nikampisha, na mtihani ukaanza kwa wakati.

*

Serikali haikukosea, kama kawaida. Mheshimiwa Makeke alieleza redioni kwamba kipindi cha kubanwa kilikuwa hatua ya kwanza ya mpango mpana wa kuachiwa. Sweta lenyewe limewekwa makumbusho, ndani ya kioo, na shule zinapelekwa kulitazama.

Mimi niliitwa kwenye tume ya uchunguzi. Walikuwa wengi, nyuma ya meza ndefu, na Bwana Kitwana alikaa pembeni na mkoba wake kama mwathirika.

"Una wazimu?" mwenyekiti alifungua kikao.

"Hapana."

"Uliona nini hata ukapiga makofi?"

"Niliona kitambaa."

"Cha rangi gani?"

"Cheupe."

"Mwalimu Shomari, ule ulikuwa mkono wa sweta. Wa kijani. Umati mzima umeona kijani."

"Mimi niliona cheupe," nikasema, na hadi leo nasema hivyohivyo. Wakanipeleka kwa daktari wa macho, akakuta macho yangu ni mazuri kupita umri wangu. Wakachukua cheo cha Kiongozi wa Makofi wakampa kijana mmoja wa ofisi ya kata, ambaye anapiga vizuri lakini hana roho. Nikabaki na nidhamu na mshahara, ukifika.

Matokeo yalipotoka, Sikudhani alipata sekondari ya bweni huko milimani. Asubuhi ya safari nilikwenda stendi. Sikuwa na la kufanya pale, nilikwenda tu. Alivaa sare yake mpya aliyoshonewa na fundi wa mtaani, imekaa mwilini mwake vizuri, mikono imefika kwenye mikono. Mama yake alimfungia bajia za njiani, bila chatini. Aliniamkia, nikaitikia. Akapanda.

Basi lilipowashwa alitoa kichwa dirishani akatupungia, na alichotupungia nacho kilikuwa kitambaa cheupe cha mama yake.

Mikono yangu ikaanza yenyewe. Cheo sina, jukwaa hakuna, lakini kitambaa kilikuwa juu. Bi Kidawa akanifuata huku anajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mpiga debe akafuata, muuza maji akafuata, na kabla basi halijapinda kona stendi nzima ilikuwa inapiga makofi bila kujua ni ya nini. Mzee mmoja aliyekuwa ameshika kuku wawili aliwabana kwapani ili naye apige.

"Mwalimu," aliniuliza akihema, "imepita sheria gani?"

"Ile pale," nikamwambia. "Imekaa dirishani."